Dobi wa Lango la Saba

"Nilichukua," alisema yule mama. "Sikuiba. Yaandike yote mawili, mwanangu, na uyaandike karibu karibu yasije yakapotezana njiani."

Inspekta akaandika. Ilikuwa Jumatatu, saa tatu asubuhi, na mwanamke aliyeketi mbele yake alikuwa amemaliza siku tatu mahabusu bila kuomba chochote isipokuwa ndoo ya maji na sabuni ya kufulia kitambaa chake cha kichwa. Umri, miaka sitini na minane. Kazi, dobi mstaafu wa hospitali kuu. Wenzake walimwita Mama Buluu, kwa ajili ya ile buluu ya kung'arishia shuka iliyomwingia kwenye kucha miaka thelathini na mbili mfululizo, na mpaka leo haijatoka.

Hati ya mashtaka ilikuwa fupi. Jumatano, siku ambayo jumba la uchapishaji hufungua milango kwa wageni, mtuhumiwa aliingia, akasimama mbele ya kabati la kioo lililo ukumbini, akafungua kufuli lake kwa kibanio cha nywele, akatoka na daftari la kale kwapani. Mlalamikaji ni mwandishi wa riwaya za njozi, tajiri wa sifa katika nchi nzima, ambaye magazeti humwita Bwana Joka. Kesho saa tatu mama huyu angesimama kizimbani. Kwa wizi wa mali ya kale sheria inatoa miaka mitano. Kwa umri wake, miaka mitano ni kuingia asitoke tena.

"Daftari lilikuwa la nani?"

"Langu."

"Nina cheti hapa." Inspekta akaigeuza karatasi yenye mhuri. "Mtaalamu wa chuo anasema ni nakala ya visasili vya zama za kati, na kwamba ndicho chanzo cha kitabu cha tatu cha mlalamikaji."

"Huyo mtaalamu alilifungua?"

Inspekta akasoma tena mstari wa mwisho. "Alilitazama kupitia kioo."

"Hata mimi nimeutazama sana mwezi," alisema Mama Buluu.

Koplo aliyesimama mlangoni alikohoa kuficha kicheko. Alikuwa binti wa miaka ishirini na saba, na alikuwa na aibu moja ambayo kituo kizima kilimcheka nayo: alikuwa amesoma riwaya zote sita za Bwana Joka, nyingine mara mbili. Inspekta mwenyewe kwa miaka ishirini hakuwa amesoma ila hati za mashtaka, na hizo pia alizisoma akitafuta uongo.

"Nieleze daftari lilivyofika kule."

"Lilikwenda kusahihishwa," alisema. "Mpaka leo halijarudi."

Akaeleza bila haraka. Miaka thelathini na moja iliyopita hospitali ilifungua darasa la watu wazima kwa ajili ya wafanyakazi wa chini. Wafagiaji, wapishi, madobi. Mwalimu alikuwa kijana, mwembamba, ana kola moja ambayo aliifua kila siku na haikutakata, kwa sababu hakujua kwamba kola husuguliwa kwa ndani. Aliwafundisha hadithi za watu wa kale.

"Alifundisha vizuri, haki yake simnyimi. Siku moja akatupa hadithi ya mungu wa kike aliyeshuka kuzimu. Kila lango anavuliwa kitu. Taji, hereni, mkufu, mkanda. Lango la saba anavuliwa nguo ya mwisho, anaingia uchi. Wanaume wa darasa wakataka kujua alikosa nini. Mimi nikauliza, na hizo nguo zilikwenda wapi? Nani alizifua?"

"Akasemaje?"

"Darasa lilicheka. Yeye akasema hadithi haisemi. Basi nikaenda nikaisema mimi. Nilijaza daftari lote. Dobi anayekaa lango la saba, anapokea nguo za wafu, anasoma maisha ya mtu kwenye madoa yake. Nikampa asahihishe. Wiki iliyofuata darasa likafungwa, mwalimu kapata kazi kwenye uchapishaji. Baada ya miaka minne kikatoka kitabu, na dobi wangu yumo."

"Mbona hukulalamika?"

Mama Buluu akamtazama kama mtu anayetazama shuka lililofuliwa ovyo. "Nilikwenda. Mlinzi akaniambia madobi wanapita mlango wa nyuma. Nikapita mlango wa nyuma. Wakanipa mapazia nifue."

Inspekta hakuandika hilo. Halafu akaliandika.

"Daftari liko wapi sasa?"

"Hapo tuachane. Nikikwambia utalichukua, utaliandikia namba, na utalirudisha kwa mwenye cheti. Ndiyo kazi yako, sikulaumu."

"Bila daftari, mama, ni neno lako na neno lake."

"Basi soma kitabu chake. Tazama dobi wake anafua vipi. Halafu muulize yeye amewahi kufua nini."

Mahojiano yakafungwa saa tatu na nusu.

Kwenye korido Mkuu wa kituo alikuwa anawasubiri. Yeye alikuwa ameshapata jibu lake toka Ijumaa: kuna mnunuzi wa vitu vya kale mjini, bibi kizee katumwa, mnunuzi kalipata, mchezo umekwisha. "Mbane huyo mnunuzi," alisema.

"Nilimbana Jumamosi," alisema Inspekta. "Siku ya wizi alikuwa amelazwa, wanamtoa jiwe kwenye figo. Na anasema lile daftari hata bure asingelichukua. Lina mistari ya kiwandani."

"Mistari gani?"

"Ya daftari la shule. Aliiona kupitia kioo, kama mtaalamu. Tofauti ni kwamba yeye alitazama."

Mkuu akakuna shavu. "Kesho saa tatu faili liwe mezani kwa hakimu. Usinitafutie matatizo na watu wanaojulikana."

Ndani ya gari Koplo alifungua kitabu cha tatu, kilichochakaa pembe zote, akasoma kwa sauti huku Inspekta akiendesha. Dobi wa Lango la Saba huloweka nguo ya damu kwenye maji baridi, kamwe si ya moto. Humwagia chumvi kabla ya sabuni. Huanza na kola, kisha makwapa, kisha upindo. Na kila vazi la mfu hulitia alama kwa uzi mwekundu, upindo wa kushoto, kwa ndani: mishono mitatu iliyosimama na mmoja unaoikata.

"Rudia hapo pa uzi."

Koplo akarudia. "Wasomaji wanaichora hii alama, afande. Wanaivaa kwenye fulana. Kuna walioichanja mkononi."

"Wewe?"

Koplo akafunga kitabu. "Tuendelee na kazi, afande."

Chumba cha kufulia cha hospitali kilikuwa chini kabisa ya jengo, mahali ambapo wageni hawaonyeshwi. Mvuke ulikuwa umemenya rangi ya kuta. Mashine nne, moja imekufa. Msimamizi, mwanamke mnene mwenye mikono iliyopauka kwa dawa, hakuacha kukunja shuka wakati wa kujibu.

"Mama Buluu ndiye aliyenifundisha kazi. Mmemfunga kwa nini, kakosea kupiga pasi?"

"Nataka kuona shuka za zamani," alisema Inspekta. "Za miaka thelathini nyuma."

"Shuka haiishi miaka thelathini, baba. Inakuwa foronya, halafu inakuwa nepi, halafu tambara." Akainama chini ya meza, akavuta gunia la matambara ya kufutia mashine. "Tafuta mwenyewe. Humo mna historia ya hospitali nzima, na hakuna aliyekuja kuiandika."

Walitafuta dakika arobaini, wamepiga magoti kwenye saruji yenye maji. Mara mbili Koplo alidhani amepata na ikawa uzi wa buluu. Mara ya tatu aliinua kipande cha upindo kisichozidi kiganja, akakiweka kwenye goti la Inspekta. Uzi mwekundu ulikuwa umepauka ukawa kama kutu. Mishono mitatu imesimama. Mmoja umeikata.

"Hii ni nini?" aliuliza Inspekta.

Msimamizi alitupia jicho mara moja tu. "Ya marehemu. Shuka iliyotolewa kitanda cha aliyefariki. Tulikuwa tunaitia alama ili ichemshwe peke yake, isichanganyike na ya mzazi wala ya mtoto. Kila mshono ni chemsho moja. Ikishachemshwa mara tatu, unakata kwa mshono wa nne, basi, inarudi wodini."

"Alama hii iko wapi pengine? Hospitali nyingine, majeshi, hoteli?"

"Wapi. Aliibuni yeye, Mama Buluu. Kabla yake walikuwa wanachoma shuka moto kwa uvivu wa kukumbuka."

Inspekta akakiweka kipande kwenye bahasha, akaandika tarehe na saa, akamfanya msimamizi atie saini. Wakati anatafuta kalamu, jicho lake likaangukia kichupa cheusi juu ya rafu, kimefungwa kizibo cha mpira.

"Na hiki?"

"Wino wa nguo. Wa kuandikia namba za wodi." Kwa mara ya kwanza msimamizi akacheka. "Usijimwagie, utazikwa nao. Chemsha, sugua, tia dawa. Nguo itaisha, wino utabaki. Mama Buluu alikuwa anaandikia kila kitu wino huo, mpaka barua. Kalamu za madukani alizidharau."

"Naweza kukiazima?"

"Chukua. Nina kingine." Akakunja shuka nyingine, akaipiga bapa kwa kiganja. "Na karatasi ya wino huo ikichafuka, maji baridi na magadi kidogo. Dakika ishirini. Usisugue, iache yenyewe. Namwambia kila mtu usisugue, na kila mtu anasugua."

Ilikuwa saa saba walipofika nyumbani kwa Mama Buluu. Vyumba viwili, kiwanja cha nyuma kilichoezekwa bati, cherehani dirishani. Anayeishi naye ni binti wa kaka yake, fundi wa kushona, mwanamke wa miaka arobaini ambaye alifungua mlango akiwa na pini tatu mdomoni.

"Mmeshapekua mara mbili," alisema bila kuzitoa pini. "Ijumaa mlichana godoro. Jumamosi mkarudi mkachana la kwangu, lisione wivu."

Inspekta alikuwa na ripoti ya upekuzi mkononi. Askari wanne, kwa muda wa saa mbili na dakika kumi. Wamekagua magodoro, mitungi, dari, mashine ya kushonea, mashimo ya choo. Kielelezo, hakuna. Kulikuwa na picha sita. Akazitazama moja moja, kisha akatoka hadi kiwanja cha nyuma akasimama akiwa na picha ya tano mkononi.

Foronya kumi na nne nyeupe zilining'inia kwenye kamba, chini ya bati.

Akatazama picha ya Ijumaa. Foronya kumi na nne. Akatazama vibanio. Siku ya Ijumaa, foronya ya tatu ilibanwa kwa kibanio chekundu na cha mbao. Leo ya tatu ilibanwa kwa kibanio chekundu na cha mbao.

"Hizi zilianikwa lini?"

Fundi akatoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine. "Alhamisi."

"Zimekauka lini?"

"Mvua haijanyesha."

"Sijauliza mvua." Inspekta hakugeuka. "Mwanamke amefua shuka za watu miaka thelathini na mbili. Umeishi naye miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Amewahi kuacha nguo kavu kwenye kamba ikalala?"

Fundi, kwa sauti ya mtu aliyekwishachoka, akasema, "Mara moja niliacha khanga ikalala. Hakunisemesha siku mbili."

"Na leo siku ya tano hujaanua. Kwa hiyo alikukataza."

Askari wanne walikuwa wamepita chini ya kamba ile, tena na tena, wameinamisha vichwa wasilowe, wakidhani ni mbichi. Inspekta akaingiza vidole viwili ndani ya foronya ya kwanza. Karatasi. Kila foronya ilikuwa na karatasi tatu, zimebanwa pamoja na kitambaa kwa vibanio vilevile, zikipata hewa. Karatasi nane za mwanzo zilikuwa nyeupe, zimejikunja kidogo kama karatasi iliyopita majini, na maandishi yake meusi yamesimama kana kwamba yameandikwa jana. Zilizobaki zilikuwa za kahawia, za kahawia ile ya vitabu vya kale vya kwenye picha.

"Alikuwa anazifua," alisema fundi. "Alisema mwalimu amezichafua kwa kahawa, zionekane za kale. Alhamisi alifua nane, mchana, jua likiwa kali. Ijumaa asubuhi mlipokuja ndiyo alikuwa anachanganya magadi."

Inspekta alizihesabu. Arobaini na mbili.

"Ukiziandika zitakwenda kwa nani?" aliuliza fundi. Hakulia. Alikuwa ameishika pini moja mpaka ikamtoboa kidole. "Shangazi hajui kuomba. Mimi najua. Nakuomba, kaka."

Kanuni inasema kielelezo kikipatikana kitachukuliwa. Inspekta aliijua kanuni hiyo, na alijua pia ni vielelezo vingapi vya wadogo vimewahi kuingia stoo ya kituo vikatokea kwenye nyumba za wakubwa. Akaandika kwenye ripoti: *Kielelezo kimepatikana. Kinalindwa kilipo, kwa sababu kinaharibika kikikunjwa.* Akamgeukia Koplo.

"Utakaa hapa. Hakuna wa kugusa kamba hii. Hata Mkuu akija."

"Akija nimwambieje, afande?"

"Mwambie hazijakauka."

Aliondoka na karatasi moja tu, iliyo chafu kupita zote. Ukingo wake wa kushoto ulikuwa karibu mweusi, kana kwamba mtu alipaka, akasubiri, akapaka tena.

Ofisi ya Bwana Joka ilikuwa orofa ya nne ya jumba la uchapishaji, juu ya ule ukumbi wenye kabati tupu. Rafu za kioo, vitabu vyake katika lugha kumi na moja, sanamu ya dobi wa shaba iliyotolewa na wasomaji. Mwenyewe alikuwa mtu wa miaka sitini, mpole, mwenye sauti ya kuzoea kipaza sauti. Kola yake sasa ilikuwa safi. Kuna mtu aliyekuwa anamfulia.

"Mmelipata?"

"Sehemu yake." Inspekta akaiweka juu ya meza bahasha, na kando yake beseni dogo la plastiki alilolinunua njiani. "Nina maswali machache. Naomba maji baridi."

Mwandishi akashangaa, lakini akampigia simu mhudumu. Maji yakaja. Inspekta akatia magadi, akakoroga kwa kidole, akailaza karatasi ndani, akatazama saa ya ukutani.

"Unafanya nini? Hiyo ni mali ya karne."

"Kama ni ya karne itavumilia dakika ishirini. Huyu dobi wako ulimtoa wapi?"

Hapo mwandishi alijua njia, na akaipita kwa raha. Alisema hakuna atungaye kwenye kazi hii, wote ni wapokeaji. Joka lake linalolalia dhahabu lilitoka kaskazini, kwa watu walioimba kabla hawajaandika. Milango saba ilitoka kwenye vibao vya udongo vilivyoandikwa, zaidi ya miaka elfu tatu. Upanga unaomjua mwenyewe, zama za kati. Ndege anayejiunguza na kuzaliwa, kila taifa limemfuga. "Sisi wa leo tunachota kisima kimoja, Inspekta. Sisi sote." Watu wa aina yake hulipenda sana neno *sisi*, hasa wakiwa wameshika kitu cha mtu mwingine.

"Na dobi?"

"Visiwa vya kaskazini, zama za kati. Mwanamke anayefua kivukoni. Mtaalamu wangu ameeleza."

"Nimemsoma. Yule wa kivukoni anafua nguo za watakaokufa kesho. Anatisha watu. Wa kwako anafua za waliokwisha kufa, anazirudisha zikiwa safi, na wanamshukuru. Si kazi moja."

"Visasili hubadilika."

"Hiki nani alikibadili?"

"Wakati," alisema mwandishi.

Dakika saba zilikuwa zimepita. Maji yalianza kupata rangi.

"Ile alama ya uzi. Mitatu na mmoja."

Mwandishi akaegemea kiti. Hilo alikuwa amelijibu kwenye mihadhara mingi. "Mitatu ni mbingu, ardhi na kuzimu. Unaokata ni mauti, ambayo hupita zote. Ni ishara ya kale sana, utaikuta kwa makuhani wa—"

Inspekta akaweka mezani kipande cha upindo. "Hii ni shuka ya hospitali. Mitatu ni kuchemsha mara tatu. Wa nne ni kwamba basi, imetakata. Aliibuni dobi aliyeko mahabusu yangu."

Mwandishi alikitazama kile kitambara muda mrefu. Ilikuwa dhahiri hajawahi kukiona. Mwizi wa kawaida huijua thamani ya alichoiba. Huyu alikuwa ametembea miaka ishirini na saba na alama ya uchafu wa wodini akidhani ni ya makuhani, kwa sababu haikumwingia akilini kwamba mwanamke wa chini kule kwenye mvuke anaweza kuwa na sababu zake.

"Bahati tu," alisema mwishowe. "Alisoma kitabu changu, akaiga."

"Kitambaa kina umri mkubwa kuliko kitabu. Msimamizi ametia saini."

"Saini ya dobi."

"Ndiyo," alisema Inspekta. "Ya dobi."

Chini ukumbini kundi la wageni lilikuwa linaelezwa juu ya kabati tupu, na sauti ya mwongozaji ilipanda ngazi ikitaja zama za kati. Dakika kumi na tano. Mwandishi alinyoosha mkono kuelekea beseni.

"Usisugue," alisema Inspekta. "Iache yenyewe."

Kahawa ilikuwa inaachia. Ilitoka kama moshi, kwanza pembeni, kisha pale ukingoni palipopakwa mara nyingi. Mistari ya daftari ikajitokeza, ya rangi ya samawati, sawa sawa, ya kiwandani. Halafu, kwenye ukingo, penye alama ya kitu kilichowahi kufutwa kwa raba, yakajitokeza maandishi madogo meusi yaliyolala ubavu. Mwandishi akafumba macho kabla hayajakamilika. Aliyajua.

Inspekta akasoma kwa sauti. "*Sikuitoa popote, mwalimu. Nimeitunga mimi.*" Akasubiri. "Hili ni jibu. Swali liliandikwa kwa penseli, limefutwa. Jibu liliandikwa kwa wino wa nguo, halikufutika, kwa hiyo likapakwa kahawa. Wewe ndiye uliyeuliza ameitoa wapi."

Mwandishi alivuta kitambaa, akafuta mikono ambayo haikuwa imelowa.

"Alikuwa dobi," alisema. Sauti ya kipaza sauti ilikuwa imemtoka. "Angelifanyia nini? Lingeliwa na mende. Mimi nimelifanya liishi."

"Una njia mbili. Kama ni kisasili cha kale, hakina mwenyewe, wala wewe si mwenyewe, na daftari ni karatasi za shule. Kama lina mwenyewe, mwenyewe amelichukua lake. Kesho nitamweleza hakimu yote mawili, pamoja na beseni."

Haikuchukua dakika tano. Mwandishi alijua kuandika. Alichukua karatasi ya kampuni, akaandika kwa mkono mzuri, akatia saini, na Inspekta akaisoma ngazini akishuka. *Kwa kuzingatia umri wa mtuhumiwa na hali yake duni, nimemsamehe, na ninaondoa malalamiko yangu.*

Mkuu alifurahi. Alipiga mhuri saa kumi kasoro robo, akasema mambo yameisha kiungwana, magazeti yameshaarifiwa juu ya huruma ya mwandishi. Mama Buluu aliletwa kaunta, akapewa kitambaa chake cha kichwa na karatasi ya kutia saini. Aliisoma yote, kidole kikifuata mistari.

"Nani kasamehewa?"

"Wewe, mama," alisema Mkuu. "Uko huru. Nenda ukapumzike."

"Kwa kosa gani?"

"La wizi. Limefutwa."

"Sijalitenda, litafutwaje?" Aliirudisha karatasi, ameikunja mara mbili kama foronya. "Nirudisheni ndani. Kesho nipelekeni kwa hakimu. Nataka maneno yangu yasomwe kwa sauti, watu wamekaa."

"Hakuna kesi tena, mama. Mlalamikaji amejitoa."

"Kwa hiyo hayasomwi."

Ndivyo walivyomshinda: aliingia mwizi na anatoka mwizi aliyehurumiwa, na kesho yake dobi wa shaba atakuwa palepale orofa ya nne. Alishika kaunta kwa mikono miwili, kucha zake za buluu zikiwa zimekakamaa kwenye mbao.

Inspekta akazunguka upande wa ndani, akatoa fomu nyingine kwenye droo, ile ndefu, akaiweka mbele yake.

"Malalamiko mapya," alisema. "Kitu kilichoibwa?"

Mkuu akamshika kiwiko. "Miaka thelathini na moja. Limeshapitwa na wakati, hakuna mwendesha mashtaka atakayeligusa. Na wewe umebakiza miaka mitatu ustaafu. Kuna vituo vibaya huko mpakani, unavijua."

"Navijua, mkuu. Fomu haiulizi hayo. Kitu kilichoibwa, mama?"

"Dobi," alisema Mama Buluu.

Akaandika. Tarehe, mahali, jina la mshukiwa. Alipofika kwenye jina la mlalamikaji, mama akalitaja lote, la kwake, la baba yake na la babu yake, polepole, na Inspekta akamgeuzia fomu na kalamu ili atie saini.

Aliijaribu kalamu kwenye ukucha. Akalamba kidole, akasugua. Wino ukatoka.

"Huu hapana."

Inspekta akaingiza mkono mfukoni, akatoa kile kichupa cheusi. Mama Buluu alikitambua kabla hakijafika mezani. Alichomoa kizibo kwa meno, akachovya ncha ya kalamu, akatia saini kubwa iliyovuka mstari, akaipulizia. Kisha akaisukuma fomu mpaka mbele ya Mkuu.

"Haya," alisema. "Sasa mwambieni mwalimu alete kahawa."